Kisu Juu ya Mkono wa Solange

Nguruwe hafi kimya, na Elie Brachet alikuwa amezizoea kelele zake tangu ana miaka tisa. Kilichomgandisha asubuhi ile ya Januari, uani kwa shemeji yake, ni sauti iliyopanda juu ya ile ya nguruwe. Ilikuwa sauti ya dada yake.

Wanaume wanne walikuwa wamemlaza jike la kilo mia na themanini ubavu juu ya benchi. Mmoja kashika mkia, wawili wamelalia mapaja na mbavu, na Marius Chabuel, mwenye nguruwe na mwenye ua, kavuta kamba iliyofunga mdomo mpaka mishipa ya shingo yake mwenyewe imetutumka. Solange, mke wa Marius na dada wa Elie, alikuwa amepiga magoti kwenye theluji na beseni chini ya koo. Katika milima ile ya kusini mwa Grenoble hiyo ndiyo kazi ya mama mwenye nyumba: mchinjaji anadunga, yeye anakinga, na mkono wake mtupu unazama ndani ya damu ya moto kuikoroga bila kupumzika isije ikaganda. Damu ikiganda hakuna soseji za damu, na nyumba iliyokosa soseji za damu mwezi Januari husemwa mpaka Pasaka.

Elie alidunga. Kisu kilipaswa kuingia vidole vinne juu ya kidari, kielekee moyoni, kikate mshipa mkubwa na kutoka, yote hayo kwa muda wa kupiga chafya. Kiliingia, lakini mkono wake wa kulia ulianza kucheza kikiwa bado ndani, ukakivuta kabla hakijafika. Jike akajirusha, kisu kikateleza kwenye mfupa, kikashuka na uzito wote wa bega la mtu mzima juu ya mkono uliokuwa ukisubiri damu. Kilipita kwenye vidole viwili vya mwisho vya Solange hadi mfupani.

Jike alikata kamba, akamwangusha Marius, akazunguka ua akimwaga damu ukutani, mlangoni, kwenye soksi za wanawake waliotoka na ndoo za maji ya moto. Akagonga trekta, akaanguka, akainuka. Marius akamfuata na shoka, akampiga kichwani mara tatu. Mara ya nne haikuwa na haja, lakini alipiga. Kisha akalitupa shoka, labda kwa kuwa alijijua, akachukua kulabu ya kuning'inizia nyama na kumtandika Elie mdomoni kwa mpini wake.

"Mlevi we! Umemkata mke wangu! Leo nakutoa roho, mlevi mkubwa!"

"Marius," Solange akasema, mkono kaukumbatia ndani ya aproni iliyokwisha kuwa nyekundu, "nipeleke nikashonwe kwanza. Utamuua ukirudi."

Elie alikuwa chali kwenye theluji, anatema vipande vya meno. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tano ya kuchinja, alikuwa amekuja kazini bila kuonja hata tone.

Baba yao, Samuel, naye alikuwa mchinjaji wa nguruwe, akitembea shamba kwa shamba kuanzia Novemba hadi Februari na visu vyake vimefungwa katika kitambaa cha mafuta. Kichwa cha Samuel kilikuwa kikitikisika kulia na kushoto kutwa nzima. Kanisani watu walisema anamkatalia mchungaji kila neno. Walicheka, naye aliwaacha wacheke, maana mkono wake ulikuwa mzima na visu vyake havikukosea. Lakini Elie alipofikisha miaka kumi na minne na kijiko cha supu kikaanza kumwagika kati ya bakuli na mdomo, Samuel hakucheka. Alimfunga kifundo cha mkono kwenye mguu wa meza kwa mkanda wa farasi, akavua mkanda wake mwenyewe, akampiga mgongoni. "Tulia!" alisema kwa kila pigo. "Tulia! Tulia!" Na kichwa chake muda wote kikienda kulia na kushoto. Mpita njia asiyejua lugha yao, angechungulia dirishani, angeapa kwamba yule mzee anakikataa anachokifanya.

Elie alijifunza kuuficha mkono mfukoni. Alipofika miaka ishirini walimpeleka vitani Aljeria, na huko bunduki haifichiki mfukoni. Mtutu ulicheza kila alipolenga. Sajini akadhani ni woga, akampiga kitako cha bunduki begani mpaka akazimia. Mwenzake mmoja akamwonea huruma, akampa kikombe cha pombe kali amalize maumivu. Robo saa baadaye Elie akautazama mkono wake. Ulikuwa umetulia kama jiwe. Akachukua bunduki, akaangusha makopo manne kati ya matano, na sajini akampiga tena eti mwanzoni alikuwa akijifanya hawezi.

Hayo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani: kovu begani na dawa yake. Kila asubuhi ya kuchinja alikunywa vikombe vitatu vidogo vya pombe ya plamu ambayo kila shamba huipika lenyewe, akasubiri kidogo huku akinoa, kisha akadunga bila kosa. Watu wakahesabu vikombe. Mkono uliokuwa ukitulia mbele ya macho yao hakuna aliyeuona. Miaka ikasogea, vitatu vikawa vitano, vitano vikawa vinane, na wote wakakubaliana kwamba Elie anatetemeka kwa sababu anakunywa. Yeye mwenyewe alikuwa amefika mahali pa kuliamini jambo hilo.

Ndiyo maana Krismasi ile Solange alipomkamata mlangoni na kumwambia, "Kaka, safari hii njoo mkavu. Kwa ajili yangu. Nimechoka kumsikiliza Marius," Elie aliahidi. Na akatimiza.

Kutoka siku hiyo hakuna shamba lililomwita. Marius alisimulia kisa mkahawani, sokoni, kwa daktari wa mifugo, na kila alipokisimulia chupa ziliongezeka. Ijumaa moja ya Machi, Elie alikuwa amekaa peke yake mkahawani, mikono chini ya meza, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka bondeni akamwekea mbele kikombe cha kahawa kilichojaa hadi ukingoni.

"Haya, babu. Raundi ya wote juu yangu ukikifikisha mdomoni kikiwa nusu."

Watu wakageuza viti. Elie alikitazama kikombe. Akautoa mkono wake wa kulia chini ya meza, ukiwa unapiga kama bawa la kuku aliyekatwa kichwa, akakishika, na kahawa yote ikamwagika mezani, kifuani, sakafuni. Wakacheka sana. Kisha akamvunjia yule bwana kikombe kitupu kwenye taya, akamfuata chini, akampiga kwa mikono yote miwili mpaka watu watatu walipomng'oa juu yake. Katika kupiga, mkono haukosei sana. Shabaha ni kubwa.

Polisi walimlaza ndani siku mbili. Aliyekuja kumtoa ni Solange, mkono wake wa kulia bado katika bandeji.

"Panda gari," akasema.

"Marius anajua?"

"Marius anajua nimekwenda sokoni. Panda."

Hawakwenda sokoni. Barabara ilishuka kona baada ya kona kuelekea Grenoble hadi mito miwili ikaonekana ikikutana chini yao. Ndipo Solange akasema alichokuwa amekaa nacho tangu Januari.

"Uliponiangukia siku ile, uso wako ulikuwa hapa." Akagusa shavu lake. "Ulikuwa unanuka kahawa na sabuni. Basi. Nimekaa na walevi maisha yangu yote, kaka, hiyo harufu siikosei. Hukuwa umekunywa."

"Nilikuahidi."

"Najua uliniahidi. Ndiyo nauliza sasa: kama si pombe, ni nini kilichonikata?"

Swali hilohilo alikuwa amemuuliza daktari aliyemshona vidole, na huyo akamwandikia barua yenye habari ya ajali na ya ahadi, kwenda kwa mwenzake wa hospitali kubwa, Daktari Peyrard, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Daktari alimpa Elie kalamu, akamwambia achore nyumba ya konokono, mzunguko ndani ya mzunguko. Elie alichora kitu kilichofanana na waya wa miiba uliokanyagwa na fahali. Daktari akakitazama kwa furaha kidogo, kama mtu aliyeletewa alichokuwa akikitafuta.

"Ukinywa kidogo, mkono unatulia?"

Elie alimgeukia Solange, kisha ukuta. Katika miaka hamsini na sita hakuna binadamu aliyewahi kumuuliza jambo hilo.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nusu ya wagonjwa wangu wanaitwa walevi vijijini kwao. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Baba yako je?"

"Baba kichwa," akasema Solange. "Hivi." Akatikisa.

"Bwana Brachet, hukuanza kutetemeka kwa sababu ya pombe. Ulianza pombe kwa sababu ya kutetemeka. Na dada yako alipokuomba uache kwa siku moja..."

Hakumaliza. Solange alikuwa amesimama, kaenda dirishani, kawapa mgongo. Aliupiga ukuta kwa mkono wake mzima, mara moja, kwa nguvu, mpaka picha ikaanguka.

Vidonge vilijaribiwa miezi miwili. Cha kwanza kilimfanya aanguke ngazini, cha pili kilimlaza kama gogo, na mkono ukaendelea na mambo yake. Ndipo Daktari Peyrard akamweleza lile lingine. Watatoboa fuvu. Watashusha waya mwembamba kama uzi wa kushonea hadi katikati ya ubongo, mahali penye ukubwa wa punje ya njegere, na umeme mdogo utapita humo usiku na mchana kuunyamazisha mkono. Mkono mmoja, wa kulia. Na atakuwa macho.

"Macho?"

"Bila wewe kuwa macho tutajuaje kama tumefika?"

"Nguruwe wangu nao hukaa macho," Elie akasema, "lakini hawaombwi maoni."

Walimnyoa Juni. Walimvisha fremu ya chuma kichwani na kuikaza kwa skrubu nne hadi mfupani. Sindano ya ganzi iliua ngozi tu, mfupa ukabaki na masikio yake: alisikia kila mzunguko wa skrubu ukigugumia ndani ya kichwa, kama mtu anayefunga mlango wa ghala na yeye yumo. Fremu wakaibana kwenye kitanda. Asingeweza kugeuza shingo hata angetemewa mate. Kwa mara ya kwanza alijua mwenye kulazwa kwenye benchi huona nini: taa, pua za watu, mikono yenye damu inayopita.

Kisha keekee. Alikuwa ameambiwa haitauma na kweli haikuuma, lakini alikojoa. Sauti haikutoka nje kuja ndani. Ilianzia ndani, ikajaa meno, macho, shina la ulimi. Halafu ikaja harufu ya mfupa uliopata moto.

"Harufu hiyo naijua," akasema. "Mnanibanika."

"Usinichekeshe, Bwana Brachet," ikasema sauti ya mpasuaji nyuma ya kichwa chake. "Nina waya ndani ya ubongo wako."

Waliushusha waya milimita kwa milimita. Kipaza sauti kilitoa mlio wa mafuta yanayokaangwa. Ndivyo ubongo unavyosema ukisikilizwa kwa karibu. Daktari Peyrard alikuwa mbele yake, kamshika vidole. Umeme wa kwanza ulimvuta mdomo upande mpaka sikioni na ulimi ukawa kipande cha nyama ya mtu mwingine. Alitukana, na tusi likatoka limepondeka. Wakazima, wakasogeza. Wa pili ukapita mkononi kama nyuki elfu, akapiga kelele, akataka kuinuka, skrubu zikamrudisha. Wakasogeza tena.

Na mkono ukanyamaza.

Haukupungua pole pole. Ulinyamaza kama mashine iliyokatiwa umeme. Daktari akampa kikombe cha maji. Elie akakipeleka mdomoni, akanywa, akakirudisha, na tone halikuanguka. Aliutazama mkono wake kama mtu anayerudi nyumbani na kumkuta mgeni amekalia kiti chake.

"Zima," akasema.

"Zima? Kwa nini?"

"Nataka kujua kama ni nyinyi."

Wakazima. Mkono ukaruka, kikombe kikaenda ukutani.

"Haya. Washa."

Wiki iliyofuata walifukia betri chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga, uvimbe wa ukubwa wa kiberiti. Walimpa sumaku ndogo: akiipitisha juu ya uvimbe, kifaa kinazimika, akiipitisha tena kinawaka. Azime akilala ili betri idumu, awashe akiamka. Elie aliiweka sumaku kwenye meza ya kitanda na haikutoka hapo. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa suruali, alijiwasha.

Solange alikuja kwake mwanzoni mwa Desemba, akavua viatu vya theluji, akakaa. Elie alikuwa akikata mkate.

"Tumepanga Jumamosi ya pili ya Januari," akasema Solange.

"Nimesikia mmemchukua yule wa bondeni. Mwenye bastola ya kumzimisha nguruwe kabla ya kisu."

"Marius ndiye aliyemchukua. Mimi nimemwachisha."

"Solange."

"Nini?"

"Sidungi tena juu ya mkono wako."

"Unataka nani akinge? Marius? Yule hata mchuzi hajui kuukoroga." Akaweka mkono wake wa kulia mezani. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimenyooka kama vijiti, kano zake zimekufa. "Hivi havikunji. Kila nikikamua ng'ombe nakukumbuka, na sikukumbuki kwa wema. Lakini si hilo. Sasa hivi, ulipochukua kisu cha mkate, mimi nilifanya nini?"

Elie aliacha kukata.

"Niliuondoa mkono mezani. Nimekuona ukiona. Wewe ndiye ndugu yangu pekee aliyebaki, na nakuogopa ukikata mkate. Sitaki kufa hivyo. Jumamosi ya pili utadunga, mimi nitakinga. Tukishindwa, basi, usije tena kwangu wala mimi sitakuja kwako. Tutasalimiana makaburini."

"Na Marius?"

"Marius atashika kamba."

Jumamosi hiyo mvua ya barafu ilinyesha tangu alfajiri. Hakuna aliyekuja kumchukua, kwa hiyo Elie alipanda kilomita mbili kwa miguu, visu mgongoni, akafika uani koti limelowa hadi shati. Wanaume walewale walikuwepo. Walimsalimia kwa kidevu. Mmoja akaitazama midomo yake, mwingine akavuta hewa kwa pua bila kuona haya.

"Nuseni vizuri," akasema Elie. "Leo ni kitunguu."

Marius alitoka zizini. Hawakuwa wamesemezana mwaka mzima. Alimtazama Elie akichuruzika maji, akatema mate kando, akavua koti lake nene la kazi, la kitambaa kizito chenye mifuko ndani na nje, akamrushia.

"Vaa. Sitaki unifie uani, watasema ni mimi."

Kwa Marius hayo yalikuwa maneno ya upatanisho, na kila mtu pale alielewa hivyo. Elie akalivaa, akalifunga vifungo hadi shingoni. Lilikuwa la moto bado.

Walimtoa nguruwe, dume aliyehasiwa, mzito kuliko jike la mwaka uliopita na mwenye hasira zaidi. Alimng'ata mmoja wao kwenye paja kabla hawajamkalia. Wakamfunga, wakamlaza. Solange akapiga magoti, akaweka beseni, akakunja mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Elie akachagua kisu. Alipoinama, kidole gumba cha mkono wa kulia kiligutuka kidogo, kama samaki anayegusa ndoana.

Kisha mkono wote ukaondoka.

Mtetemo ulirudi na nguvu zake zote za zamani na zaidi. Ncha ya kisu ilikuwa imeshagusa ngozi ya koo, ikaichanachana juu juu, mistari mitatu myekundu, na nguruwe akapiga kelele ya kupasua mawe. Chini yake, nusu mita, mkono wa Solange. Hakuutoa. Alikuwa amefumba macho, uso mweupe kama siagi, na hakuutoa.

Elie hakudunga. Alijirusha nyuma na kukichoma kisu kwenye nguzo ya banda, kikaingia nusu, akakiachia, akasimama mikono hewani.

"Siwezi. Umeme umezimika. Sijui... umezimika!"

"Umezimika nini?" Marius aliachia kamba. "Umezimika nini, mlevi we? Tumetobolewa kichwa, tumetiwa umeme, mke wangu ananinyima usingizi mwaka mzima, kaka hakunywa, kaka hakunywa! Na bado?"

Alimpiga ngumi ya sikio, ya pili ya mbavu, akamkamata koti na kumtupa juu ya meza ya vifaa. Meza ikaanguka, mikwanguo na visu na minyororo vyote juu ya Elie. Marius akamfuata na goti, akamkaba, akampigiza kichwa kwenye ubao.

"Kichwa!" Solange alipiga kelele. "Si kichwa, Marius! Kichwa hapana!"

"Jamani!" akalia mmoja wa waliolalia nguruwe. "Amueni! Huyu si mto tuliolalia!"

Solange alimvuta mumewe kwa nywele. Marius akainuka, akamwinua Elie pamoja naye kwa kola ili ampige vizuri, akarudisha mkono nyuma. Akaubakiza hapo.

Kisu kidogo cha kuchunia kilikuwa kimening'inia kifuani kwa Elie. Hakikuwa kimemchoma. Hakikushikwa na mtu wala na kifungo. Kilikuwa kimelala juu ya kitambaa cha koti, upande wa kushoto, kimenata.

Wote walikitazama. Solange akanyoosha mkono, akakibandua, akakiachia karibu na koti. Kikaruka, kikanata tena.

"Marius," akasema polepole. "Una nini mfuko wa ndani?"

Marius akafikiri. Kisha uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekanyaga reki. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha chuma kilicho laini, urefu wa kidole, kizito. Sumaku ya ng'ombe. Hakuna mfugaji wa milima ile asiyekuwa nayo. Ng'ombe humeza misumari na vipande vya waya pamoja na nyasi kavu, basi wanamezeshwa sumaku, nayo inakaa tumboni maisha yao yote ikikusanya vyuma visije vikatoboa moyo. Marius alikuwa amenunua sita vuli, akamezesha ng'ombe watano.

"Ya Blanchette," akasema, akimtaja ng'ombe wa sita. "Nilisahau ya Blanchette."

Elie alivua koti. Akalitupa mbali, lakini mkono ukaendelea kucheza. Kifaa kilichozimwa hakijiwashi. Sumaku yake mwenyewe ilikuwa kilomita mbili chini, juu ya meza ya kitanda. Akaanza kueleza, ulimi ukimkwama kwa hasira na kwa damu. Solange hakusubiri amalize. Alimpokonya mumewe sumaku ya ng'ombe, akampandisha kaka yake shati, na pale kwenye uvimbe akaipitisha, mara moja, kama anayefuta vumbi.

Nyuki wakapita kwenye vidole vya Elie. Mkono ukanyamaza.

"Nimewasha trekta, nimewasha jiko," akasema Solange. "Kumwasha mtu ndiyo leo."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yule wa mkia, naye alicheka kwa sababu alikuwa amechoka. Solange aliitupa sumaku juu ya paa la banda, ikagonga bati na kukaa huko. Kisha akarudi kwenye beseni, akapiga magoti palepale alipokuwa, akautia mkono chini ya koo.

"Kamba, Marius."

Marius alikamata kamba. Elie aling'oa kisu nguzoni, akakipitisha kwenye kinoo mara mbili. Mkono wake wa kushoto, ambao hakuna aliyeutibu, ukiwa umeshika sikio la nguruwe, ulitikisa sikio zima. Wa kulia haukutikisika. Alimtazama dada yake. Safari hii macho yake yalikuwa wazi, na yalitazama kisu.

"Unasubiri nini?" akasema Solange. "Piga."

Alipiga. Kisu kiliingia hadi mpini, kikageuka kidogo, kikatoka. Damu ilitoka kwa mapigo, nzito, ya moto, ikajaza beseni kwa mlio wa maziwa, na mkono wa Solange ukazama ndani yake ukizunguka, vidole vitatu vikikoroga na viwili vikifuata kama makasia yaliyovunjika. Nguruwe alijirusha mara nne, kila mara kwa nguvu kidogo kuliko ile iliyopita, mwisho akatoa pumzi ndefu na wanaume waliomlalia wakahisi chini yao kitu kikiwa kizito.

Elie aliosha kisu kwenye ndoo, akakifuta pande zote mbili, akakilaza kwenye kitambaa cha mafuta. Akamzunguka nguruwe, akasimama mbele ya Marius aliyekuwa bado kashika kamba.

"Ya mwaka jana nilistahili," akasema. "Ya leo hapana."

Akampiga ngumi moja ya kulia, fupi, ya katikati ya mdomo. Marius alikaa chini kwenye theluji na miguu mbele kama mtoto. Alijigusa midomo, akatazama vidole, akatema jino. Alimtazama shemeji yake kutoka chini.

"Haukutikisika hata kidogo, mbwa we," akasema.

Solange, damu hadi kiwikoni, hakuinua kichwa.

"Mkimaliza, mmoja aniletee siki," akasema. "Ikiganda hii, nawachinja wote wawili."